Mama Kalonda na Mbwa Aliyemunyima Usingizi

Mama yangu mupenzi,

Ninapiga magoti mbele yako, ijapo muto na pori na barabara mbaya viko kati yetu. Umeamukaje? Mugongo unakuachia kulima, ao bado unakusumbua mvua ikikaribia? Na Baba, angali anashindana na nyavu zake? Sisi hapa Kabambare tuko wazima, mimi na mume wangu Shabani, Mungu ashukuriwe. Cherehani yake inalia toka asubuhi, kwa maana watu wamevuna mupunga na kila mutu anataka nguo mpya.

Barua hii anakuletea Sumaili, yule mwuza chumvi, anayerudi Nyangwe kwa njia ya Kasongo. Mupe chakula kizuri, ni mutu mwema.

Safari ile uliniuliza ni nani ananiangalia huku ugenini. Mama, ni Mama Kalonda. Ni mujane wa Kibangubangu, Mukristo, na nyumba yake imepakana na yetu. Ni mufinyanzi, ukiingia jiko lolote la muji huu utakuta chungu chake. Nilipofika hapa sikujua hata neno la kuombea moto kwa lugha yao. Yeye ndiye aliingia kwangu na makaa juu ya kigae, akacheka, akaniambia kwa Kiswahili, “Moto hauna lugha, binti yangu.” Toka siku hiyo sikuwa mugeni tena.

Sasa nikusimulie yaliyomupata kwa ajili ya mbwa. Najua hapo utakunja uso. Tulia, mbwa huyo haingii nyumbani kwetu, na vyombo vyetu ni safi.

Mbwa ni wa mutoto wake, Kalonda, aliyekuwa muwindaji. Kalonda alipoandikwa kazi ya madini upande wa Kalima, alimwacha kwa mama yake. Jina la mbwa ni Baseme, maana yake waache waseme, kwa sababu majirani walimusema Kalonda kwamba anapenda mbwa kuliko kutafuta muke. Ni wale mbwa wa pori wasiobweka. Huyu analia kwa koo, kama mutu anayeita mwenzake ng'ambo ya muto. Na toka bwana wake aende, kila usiku alisimama mulangoni kwa Mama Kalonda, akakwaruza, akalia. Mama Kalonda aliamuka, akafungua, akamusemesha, akamupa tonge la bukari. Mbwa ananyamaza kidogo, halafu anaanza tena, na yule mama anaamuka tena. Ilikuwa hivyo mpaka kunakucha.

Basi muchana usingizi ukawa unamushinda. Siku moja alisinzia mikono ikiwa ndani ya udongo, na chungu alichokuwa anakiinua kikaanguka chote. Siku nyingine Kapita, yule anayesimamia mashamba ya pamba, alimukuta amelala katikati ya mistari.

“Mama Kalonda,” akamwambia mbele ya watu, “mutu muzima halali juani. Hii ni malale, ule ugonjwa wa usingizi.”

“Ni mbwa, Kapita.”

“Wote wenye kuanza malale wanatafuta kitu cha kusingizia.”

Neno hilo likatembea muji wote. Watu wa Leta, yaani serikali, wanaopima ugonjwa wa malale walikuwa njiani kuja, na unajua namna watu wanavyoogopa. Mutu akipelekwa kambi ya wagonjwa, ndugu zake wanaanza kumulilia angali hai. Wakina mama wakaacha kukaa karibu naye kisimani. Hata Shabani, ambaye anamupenda kama mama yake, alimwendea akamwambia, “Mama, mbwa ni mbwa. Nipe ruhusa, nitafute mutu wa kumumaliza.”

Mama Kalonda hakukasirika. Aliendelea kusugua chungu chake. “Shabani, mutoto wangu aliniachia vitu viwili: mbwa huyu, na neno la kusema atarudi. Nikiua kimoja, cha pili nitakiamini namna gani?”

Shabani alirudi kwenye cherehani yake.

Mama Kalonda alijaribu mengi. Alimufunga mwisho wa shamba la ndizi, na Baseme akalia hata nyumba za mbali zikakosa usingizi. Asubuhi majirani walikuja na macho yamevimba. Alimushibisha jioni kwa bakuli zima, ikawa vibaya zaidi, kwa maana sasa alilia kwa mazoea na kwa kutaka kutoka inje. Muzee mumoja muwindaji akamushauri apake pilipili mulangoni. Mbwa akapiga chafya, akalia, akapiga chafya tena. Tulicheka hata naye akacheka, lakini uso wake ulikuwa umechoka sana.

Siku moja alasiri tulikuwa tunatwanga mupunga, mimi na yeye. Akasimamisha muchi hewani.

“Mwamini, tazama chini ya ghala. Mbwa anafanya nini?”

“Analala, mama.”

“Analala toka asubuhi. Kwa Kalonda alikuwa anakimbia pori na kengele ya muti shingoni mpaka ulimi unatoka. Sasa ni nani anamuchokesha? Hakuna. Na usiku akilia, ni nani anamulisha? Ni mimi. Mimi ndiye nimemwandika kazi ya kulia, na mushahara wake ni bukari.”

Akashusha muchi, tukaendelea. Lakini kesho yake alimuvika Baseme ile kengele, akaenda naye kuchimba udongo nyuma ya kilima, kule kwenye kijito. Akaenda naye pamba. Akaenda naye kuni. Mbwa akitaka kujilaza, anamwita. Jioni alimulisha mapema, akamuzungusha inje, akamutandikia mukeka wa zamani wa Kalonda ndani ya jiko karibu na majivu ya moto, akafunga mulango. Mbwa alipolia, yeye hakuamuka.

Hapo ndipo nilipomujua ni mutu wa namna gani. Usifikiri ni jambo jepesi. Siku za kwanza Baseme alilia kupita zamani, kama anayeuliza kosa lake. Asubuhi Mama Kalonda alinionyesha kitenge chake, kona imelowa. “Nilikiuma hiki,” akasema. “Analia sawasawa na Kalonda alipougua surua. Miguu yangu ilikuwa inataka kwenda peke yake.” Na macho yake yakiwa mekundu, akachukua tena kapu na jembe, akapanda kilima na mbwa wake.

Kabla mbwa hajatulia, watu wa malale wakafika. Wengi walikimbilia pori. Nikamwambia, “Mama, nenda nawe. Nitakuletea chakula.”

“Nikikimbia, nitakuwa mugonjwa kabla ya kupimwa.”

Akaoga, akavaa kitenge chake kizuri, akasimama mbele ya wanawake wote. Daktari Muzungu alikuwa mezani, na muganga mweusi, musaidizi wake, mutu wa Kasongo, ndiye aliyekuwa anapapasa shingo kutafuta tezi za malale. Kapita akasema, “Huyu analala muchana.” Muganga alimupapasa kwa muda murefu. Hakusikia kitu kigumu. Wakatoa damu kwenye kidole, halafu wakamuchoma sindano mugongoni, kwenye mufupa. Alinishika mukono. Mama, vidole vyangu viliuma mpaka jioni, lakini sauti yake haikutoka.

Yule muganga alikuwa na adabu. Alimwambia, “Mama, sioni kitu. Lakini malale inajua kujificha. Tunakwenda vijiji vya Lusangi, tutapita tena hapa. Nikikukuta unalala muchana, sitakuwa na la kufanya. Utakwenda na sisi.”

“Nimesikia, muganga,” akajibu. “Ukirudi, usitume habari mbele. Njoo tu.”

Sindano ile ilimuletea maumivu makali ya kichwa. Alilala ndani ya nyumba yangu, hawezi hata kugeuza shingo, na jambo moja tu ndilo alilolitaja: “Baseme asilale.” Basi mimi, binti yako, niliyefundishwa kukaa mbali na mbwa, nilichukua kamba nikapanda naye kilima. Usiwaambie shangazi zangu. Siku iliyofuata Mama Kalonda aliinuka, akaninyang'anya kamba, akaenda mwenyewe, anatembea kama mutu aliyebeba maji kichwani.

Halafu asubuhi moja niliamuka, nikatambua kwamba sikusikia kitu. Nikaogopa. Nikafikiri mbwa amekufa, ao yeye. Nilitoka mbio, miguu wazi juu ya umande. Mulango ukafunguka, Mama Kalonda akatoka anajinyoosha, na shavu lake lina alama za mukeka. Tulitazamana. Tukaenda pamoja kufungua jiko. Baseme alikuwa juu ya mukeka wa Kalonda, akafungua jicho moja, akalifunga. Mama Kalonda aliketi kizingitini akacheka mpaka akapangusa macho.

Muganga alirudi bila kutuma habari, kama alivyoombwa, jua likiwa kichwani, saa ambayo hata kuku wanatafuta kivuli. Kwa Kapita alipita, akamukuta amesinzia kwenye kiti chake. Kwa Mama Kalonda alikuta moto mukubwa: alikuwa anachoma vyungu, anatupa majani makavu, jasho linamutoka, na mbwa anamuzunguka na kengele yake.

“Mama, usiku unalala sasa?”

“Ninalala mpaka jogoo ananitukana.”

Akamupapasa shingo tena, akatazama macho yake. “Baki na watu wako,” akasema. Halafu akauliza namna alivyofanya na mbwa. Alipokwisha kuelezwa, akacheka. “Nyumbani kwangu ni mutoto ndiye anayetufanyia hivyo. Nami nimuache alie?”

“Hapana, muganga,” akajibu Mama Kalonda. “Mutoto si mbwa. Mutoto akilia, amuka.”

Mama, toka siku hiyo ninamutazama kwa macho mengine. Muji muzima, pamoja na mimi na Shabani, tulikuwa tumekwisha kukubali njia fupi, ya kuua. Yeye peke yake alitafuta ile ndefu, na aliipita akiwa amechoka kuliko sisi wote, bila kumuchukia hata mumoja. Hata Kapita, Mama Kalonda alimupelekea chungu kipya.

Nisalimie Baba, umwambie simusahau katika sala. Nisalimie dada yangu mukubwa na watoto wake, na kaka yetu anayevusha watu kwa mutumbwi, na Bibi, umubusu mikono kwa ajili yangu. Shabani anakuamkia kwa heshima yote.

Nimebakiza neno moja, na nililiacha nyuma kwa haya. Niko na mimba. Tumbo limeanza kuonekana. Kwa desturi, kama ni binti, angepewa jina la mama yake Shabani. Lakini juzi nilimuuliza Mama Kalonda jina lake mwenyewe, lile alilopewa na wazazi wake. Aliniangalia kwa mushangao, kama ni miaka mingi hajaulizwa. “Sikujuwa,” akasema. Nilidhani amelisahau, nikaanza kumuhurumia, mpaka akacheka. Kumbe ndilo jina: Sikujuwa.

Shabani amekubali, na mama yake amekubali. Ninaomba ruhusa yako na ya Baba. Ukisema hapana, nitatii. Lakini nisikufiche, mama: nikikaa peke yangu, nimekwisha kuanza kumwita hivyo.

Ni mimi binti yako,
Mwamini