Mvua Iliyoibwa na Bahari

Umoja, Nairobi, Jumamosi, Aprili 1982. Mawingu yamejaa, joto limekaba, na mimi leo simwamini mtu.

Natangaza rasmi, kwa heshima zote: jembe la nyumba hii bado limeegemea nyuma ya mlango.

Lawama ni za bahari. Jirani yangu, Baba Akinyi, alisikia redioni kwamba huko ng'ambo wanajaribu kupata umeme kwa kuvuta maji baridi ya kilindini na kuyakutanisha na yale ya juu yenye joto. Wiki iliyopita akaja jikoni kwetu kunieleza. Sufuria ya chai ilikuwa ikifuka mvuke. Akaimwagia maji ya bomba. Mvuke ukakatika.

"Umeona, Baba Wairimu? Bahari ikipoa, mvuke hakuna. Mvuke hakuna, mawingu hakuna. Utapanda mahindi ya nini?"

"Na chai yangu?" akauliza mke wangu.

Nikashuku. Mtambo mmoja upoze bahari nzima? Labda hewa ya pale pale ulipo itabadilika, lakini hadi Nairobi? Halafu nikakumbuka kwamba kipande changu cha shamba kando ya mto kimepakana na chake. Vipande vile havina hati. Usipolima kabla ya mvua, mwingine huingia na jembe lake, na huna pa kumshtaki.

Huyu anataka nilale.

Basi nikalala. Si uvivu, nilikuwa namchunguza.

Leo asubuhi nimekwenda mtoni. Kipande kimelimwa, mashimo yamenyooka kama uzi. Nikaenda moja kwa moja kugonga kwa Baba Akinyi.

"Mwizi wewe!"

"Mimi? Jembe hata sijalishika mwaka huu!"

Maskini, aliiamini sufuria.

Tukarudi mtoni pamoja. Mama Mutua, muuza mboga wa pale kona, alikuwa akifukia mbegu katika kipande changu na cha Baba Akinyi pia.

"Karibuni, wazee. Nilidhani mmehama. Mlikuwa mnangoja nini?"

Hakuna aliyethubutu kutaja bahari.

Jioni Mama Wairimu ameniuliza kama mashimo yako tayari. Nikajibu yako tayari. Akafurahi, akaanza kufungua kopo la mbegu alizotunza tangu msimu uliopita, na hapo nikashindwa.

Nimemwambia yote. Kwamba kipande kimekwenda. Kwamba sikulima kwa sababu jua lilikuwa kali, na nilifurahi kupata bahari ya kusingizia.

Amefunga kopo. Amelirudisha rafuni.

Afadhali angenitukana.