Kamba ya Mbuzi wa Hitma

Mtaa wa Sokoni,
Bugarama, Kahama.
4 Agosti 2024

Mpendwa kaka Shaaban,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Tabu na watoto hamjambo huko Lindi, na lile goti lako limeacha kukusumbua. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umechafuka, na ndiyo maana naandika; ningepiga simu ningekutukana.

Bibi tumemzika vizuri. Watu walijaa hadi barabarani.

Abdulshakur alikuja kutoka Mwanza kumzika. Unajua mdogo wetu tangu aache unga huenda kliniki kila asubuhi kunywa dawa ya methadone mbele ya muuguzi. Amenenepa, anapaka rangi nyumba za watu, anacheka. Alitaka kuondoka jioni ile ile ya maziko asikose dawa. Baba mdogo Maganga akasema, "Mjukuu haondoki msibani kabla ya hitma. Hiyo nayo ni ulevi tu, umebadilishiwa chupa." Shangazi Swaumu akaitikia utadhani ndiye daktari.

Akabaki. Siku ya pili arosto ya kukosa dawa ikamshika: jasho, kutapika, mifupa kuuma. Hapo wakakupigia simu, wakaweka spika. Kaka, nilikusikia kwa masikio yangu: "Mfungeni mpaka itoke mwilini." Wakamfunga stoo kwa kamba ya mbuzi wa hitma. Mbuzi akaliwa. Pilau ikasifiwa, na mwenzetu anajitapikia ukuta wa pili. Mpaka leo harufu ya bizari inanitia kinyaa.

Usiku nilipomfungua aliniambia, "Dada, bora nikashuke duarani nisitoke." Amekulia kwenye machimbo, anayajua maduara yote, yale mashimo ya dhahabu yaliyoachwa. Sikumwacha peke yake hata chooni. Kulipokucha nikapanda naye basi la Mwanza.

Kliniki hawakumgombeza. Muuguzi alimuuliza waziwazi kama bado anafikiria kujiua, akamsikiliza mpaka mwisho, na daktari akamwanzishia dozi ndogo. Akanieleza kwamba jambo hili limepimwa miaka mingi, hapa na nchi nyingine. Wanaobaki kwenye dawa wengi huishi. Wanaokatishwa ghafla wengi huurudia unga, na kwa kuwa mwili umekwisha kuusahau, kipimo cha zamani huwaua. Na sisi tulikuwa tunasoma dua sebuleni. Ndugu zetu wananitia kichefuchefu, kaka, na wewe umo.

Amepata nafuu, amerudi kwenye rangi zake. Ila ameapa hakanyagi tena Kahama, hata Idd. Mama anabaki kukitazama kitanda alichokuwa akilalia mwanawe.

Abdulshakur ndiye aliyeniomba nikuandikie kwa upole, eti kaka hakujua. Nimejaribu. Sasa unajua. Wapigie simu, uwaambie waweke spika kama siku ile, useme mbele yao wote kwamba ulikosea na mtoto aachwe anywe dawa yake. Wakikusikia wewe watanyamaza, maana mimi kwao ni muuza chakula tu.

Nisalimie wifi, mbusu Zuhra mdogo, wajina wangu. Mungu awakinge na kila baya, na akulainishie ulimi.

Kamba ninayo. Ukija utaichukua mwenyewe.

Ni mimi dada yako nikupendaye, ingawa leo kwa taabu,
Zuhra