Miche ya Betula Koridoni

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua kuuma. Mimi sijambo, mafua tu. Tunachunguza jinsi baridi inavyopunguza usanisinuru wa betula, ile miti ya magome meupe. Miche inakaa kwenye chumba cha baridi, nyuzijoto mbili; mimi nabana jani kwenye mashine inayopima usanisinuru huo na kuandika namba. Zangu zinaonyesha miche yetu haishtuki na baridi. Bosi amefurahi mno. Atazisoma kwenye mkutano wa wataalamu tarehe 20 Aprili.

Binti yako

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti asubuhi linanitii, jioni linagoma. Barua yako nimemsomea shangazi yako, fundi viatu, na mtu mmoja aliyekuja kuuliza njia tu. Ila nieleze, maana mimi ni wa bustani, si wa maabara. Miaka thelathini nimeotesha miche, na ikipigwa baridi inalala. Yenu mbona iko macho? Na wewe uliyekuwa ukilia ukinawa maji baridi, unakaaje humo?

Baba yako

17 Aprili, ujumbe wa simu

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kunyamaza mwezi mzima. Afya ninayo, uso ndio sina. Sikai humo. Vidole vilikuwa vinakufa ganzi, nikawa naitoa miche koridoni, penye joto, na kupimia huko. Jani likipata joto linaamka. Katika shajara yangu, tangu tarehe 9 Februari, nimeandika kila siku: “Nimepimia koridoni.” Nilijua, Baba. Bosi anasafiri keshokutwa. Nikisema, kazi yake ya msimu mzima imekwenda na maji. Nikinyamaza, atasimama mbele za watu na uongo wangu.

Binti yako

18 Aprili, ujumbe wa simu

Mwanangu, nimesoma mara mbili. Habari za goti ziache. Mwambie leo, kabla hajafunga sanduku. Baba yako

26 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nilimwambia. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliomba shajara, akaisoma siku baada ya siku mimi nimesimama, kisha akapiga simu kujitoa mkutanoni. Hakunifukuza. Aliniuliza kitu kimoja: “Glavu zilikuwa kabatini. Kwa nini hukuomba?”

Tumeanza upya. Sasa napimia ndani, naye anakaa nami humo kwenye baridi, akiangalia kila jani ninalobana. Leo namba zimetoka ndogo sana. Ametia saini yake kando ya kila moja, mstari kwa mstari, mpaka mwisho wa ukurasa.

Binti yako