Nilivyokula Ushahidi Wangu Mwenyewe

Njoro, Nakuru

Dada yangu Kalunde,

Bwana asifiwe sana huko Mwingi. Mguu wako uliovimba unaendeleaje? Na Mama, kile kikohozi kimemwachilia? Mimi Mungu ananilinda, ni baridi ya huku tu inaniuma masikio.

Dada, wewe nitakuambia yale siwezi kusema kanisani. Nina hasira na mtoto wa watu. Anaitwa Brayo, ni kiongozi wa wanafunzi hapa chuoni ninapopika.

Mwanzoni mwa muhula wanafunzi walidungwa chanjo ya korona asubuhi, mchana wakala chapati na maharagwe niliyopika mimi. Jioni bweni zima linatetemeka: homa, kichwa, mkono hauinuki, wengine wanatapika. Nesi alikuwa amewaambia mapema kwamba hayo yanaweza kuja na huisha kwa siku mbili. Hata mimi nilipodungwa nililala siku nzima nimejifunga leso kichwani. Lakini Brayo akapanda juu ya benchi: "Wasee, si sindano! Ni maharagwe ya Mathe! Ametulisha sumu!" Mathe ndiye mimi, vijana wa huku ndivyo wanavyomwita mama.

Sasa jikoni kwetu kuna sheria. Kila chakula tukipika, sahani moja inafunikwa na kuwekwa kwa friji siku mbili, ili kukitokea ugonjwa mtu wa afya aje apime. Mimi kwa uchungu nikaitoa, nikasimama mbele yao, nikaila yote ikiwa baridi hivyo hivyo, nikapangusa sahani kwa chapati. "Haya, sasa nife!" Wakanipigia makofi, dada. Nikajiona Danieli.

Kesho yake mtu wa afya akafika. "Sahani ya jana iko wapi?" Brayo akacheka mbele ya msimamizi wa jikoni: "Boss, Mathe amekula ushahidi!"

Msimamizi akanitoa kwa sufuria akanipeleka kuosha vyombo. Akasema muhula ukiisha kama jina langu halijasafishwa, nifunge virago nirudi nyumbani. Wiki nane nimesugua masizi, wasichana wakipita wananong'ona, "Ndiye huyo." Kila alfajiri nilisoma zile Zaburi za Daudi za kulaani adui zake, na jina la Brayo nikaliweka pale panapofaa.

Mungu hasinzii. Wiki jana wakadungwa mara ya pili. Siku hiyo alipika mwenzangu, wali na kabeji. Jioni bweni likatetemeka tena, Brayo akiwa wa kwanza. Nesi akaomba jikoni ipeleke uji. Nikasema, nitapeleka mimi. Nikamkuta ndani ya blanketi mbili, meno yanagongana.

"Mathe, nisaidie uji."

"Leo umekula maharagwe ya nani?"

"Mathe, aki naumwa…"

"Pole. Pigia msimamizi simu kwanza umwambie ukweli."

Wenzake wakaanza kumpigia kelele kutoka vitandani na homa yao: "Brayo, si useme tu bana, tunataka uji!"

Akapiga, nikamwambia aweke sauti juu tusikie sote. "Boss, haikuwa maharagwe. Ni ile sindano. Mathe nilimsingizia." Nikawapa uji wenzake wote, yeye nikamwacha wa mwisho. Ulikuwa umeshapoa.

Nimerudi kwa sufuria yangu. Jana alikuja kwa foleni akanyoosha sahani kwa mikono miwili kama mtu wa kupokea ushirika. Nikamwekea mchuzi na maharagwe kama sita hivi.

"Mathe, ongeza kidogo."

"Aa, hii ni sumu, mwanangu. Nakuhurumia."

Foleni yote ikaangua kicheko. Dada, nilisikia utamu mpaka mgongo ukaacha kuuma.

Nisalimie Mama, shemeji yangu bwanako, na yule binamu yetu mwalimu wa Sunday school. Mchungaji pia msalimie, lakini barua hii usimsomee. Na wewe najua ukimaliza kusoma utapiga magoti uniombee nisamehe. Niombee, dada. Lakini muhula unaisha baada ya wiki tatu. Tafadhali uanze ukishaisha.

Mdogo wako anayekukumbuka kila akisonga ugali,
Mwende