Mkeka wa Mafunjo Mabichi

Dada Nyangeta,

Mvua imewafikia huko Butiama? Mimi niko Bukima, tunahakiki vinamasi kwa ajili ya ramani ya Afrika nzima. Picha ya setilaiti na ramani ya zamani zote zinaonyesha maji nyuma ya nyumba ya mama mmoja. Mwenyewe kakataa katakata: "Palikuwaga na maji, yakakauka." Huku anasuka mkeka wa mafunjo mabichi!

Akatupa ugali kwa sato, kisha akauliza: "Mkishaandika, nani atakuja kupachukua?"

Mkubwa wetu wa kazi akazidi kuchambua miiba tu. Nikazunguka nyuma peke yangu, nikaona.

Kwenye fomu nimeandika "pakavu". Mkumbatie mama, na kadi hii usimwonyeshe mtu.

Viatu vyangu bado havijakauka.

Mdogo wako,
Magesa