Ndoo za Baba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla hujakaa kitako, maana ukishakaa na kusoma huenda usizitake tena. Hujambo? Mgongo wako je, umepoa, au bado unainuka kitandani kwa mafungu? Wifi hajambo? Na lile jino lake? Watoto wote wasalimie, pamoja na yule aliyekata waya wa redio. Sisi huku ni wazima wa mwili. Baba anatembea, anakohoa asubuhi kama kawaida yake. Mimi bado niko kwa yule yule dobi, nasimama mbele ya pasi ya mvuke kutwa nzima. Miguu inavimba, lakini kazi ninayo, nashukuru.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Baba ndiye aliyetaka iwe barua, na sababu utaifikia huko mbele.

Unakumbuka baada ya msiba wa mama tulikubaliana Baba aje kwangu. Au niseme wewe na wifi mlikubaliana, mimi nikaarifiwa. Nina vyumba viwili ghorofa ya tatu, jiko la kuingia kwa ubavu, na roshani ambayo ukianika mashuka mawili la tatu linasubiri zamu. Nilidhani nampokea baba yule tuliyemjua, mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni, aliyerudi nyumbani ananukia vizuri mpaka tunagombania kumvua koti, na aliyetukagua kucha kabla hatujagusa sahani. Kaka, aliyekuja si yule.

Alianza na ndoo moja. Mafundi walikuwa wanapaka rangi ngazi za jengo, wakamwachia ndoo tupu. Akaitoboa chini kwa msumari wa moto, akajaza udongo, akapanda mchicha. Nikamsifu. Laiti ningenyamaza! Zikafuata ndoo nyingine, madumu ya mafuta ya kupikia yaliyokatwa ubavu, beseni lililopasuka, sufuria zisizo na vishikio, chupa za plastiki zilizotundikwa kichwa chini na miche ya nyanya ikichungulia mdomoni. Miezi minne haijaisha, mlango wa roshani ukawa haufunguki mpaka mwisho.

Mimea yenyewe sikuichukia. Kilichonitoa roho ni chakula cha mimea. Chini ya sinki aliweka ndoo ya maganda na makombo, ameifunika kwa sahani yangu ya wageni. Ukiifunua, vijinzi vinakupanda puani kabla hujapumua. Kutoka kwa muuza samaki alileta vichwa na matumbo, akavitia kwenye dumu na maji, akalifunga na kuliacha juani wiki tatu. Gesi ikijaa, kifuniko kinaruka. Siku moja kiliruka nikiwa nimeanika sare yangu ya kazi. Sitakueleza. Basi nitakueleza: mfukoni mwa sare nilikuta jicho la samaki, linanitazama.

Jikoni nako hakukuwa na amani. Kitu kutupwa kikawa mwiko. Maganda ya viazi yalikaangwa. Maji yaliyochemshiwa maharage yakaitwa supu. Mkate mkavu ukalowekwa, ukakandwa, ukachomwa, ukaitwa keki, na nikaulizwa kama nimeona utamu wake. Maji aliyooshea mchele aliyahifadhi kwenye jagi la maji ya kunywa. Nilirudi kazini na kiu, nikapiga bilauri nzima bila kuangalia. Mpaka leo nikikumbuka ule utelezi kooni mwili unanisisimka.

Halafu kazi za mikono. Alisuka mkeka kwa mifuko ya plastiki iliyookotwa, haijaoshwa vizuri, ukiukalia unanata. Alitengeneza kivuli cha taa kwa vijiko vya plastiki vilivyotumika. Mchana mmoja nikamkuta amekaa sakafuni na mkasi, anakata vitambaa vipande vipande na kuvifunga mafundo awe na kitu cha kufutia miguu mlangoni. Nikatazama vizuri. Ilikuwa ile blauzi ya mama ya buluu yenye madoa meupe, na kola ilikuwa tayari imeshonewa katikati. Nilipiga kelele. Baba akajibu taratibu kwamba nondo walikuwa wameshaila kwapani, na kitu kinacholiwa ndani ya sanduku hakimsaidii mtu. Nilikaa wiki nzima nikiruka mlangoni ili nisimkanyage mama.

Huko kazini, mteja mmoja alirudisha shati lake akisema linanuka soko. Bosi wangu akaniita nyuma, akanusa mkono wa sare yangu mbele ya wenzangu, akauliza kama siku hizi naishi ndani ya boti. Wenzangu wakacheka. Akasema ikitokea tena atatafuta mpiga pasi mwingine. Nilirudi nyumbani nikajisugua mpaka ngozi ikawaka.

Na hapo bado, kaka. Nyuma ya mlango wa choo kulikuwa na dumu la njano. Nilikuwa naliona kila siku, nikadhani ni maji ya sabuni. Jumamosi moja nikataka kulisogeza nipige deki. Nilipofungua kifuniko, macho yalijaa machozi. Nikamwita Baba. Akaja na utulivu wake wa stoo, akanieleza kwamba ni mkojo wake mwenyewe, kwamba unachanganywa kikombe kimoja kwa maji vikombe kumi, na kwamba aliyasoma hayo kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa samaki.

“Tangu lini, Baba?”

“Tangu mchicha wa kwanza.”

Miezi sita nimekula mchicha ule! Nimewapelekea wenzangu kazini! Nilitapika kwenye sinki, juu ya vyombo. Naye akaja nyuma yangu kunipigapiga mgongo, kwa mkono ule ule.

Yaliyofuata unayajua kwa upande mmoja. Wiki hiyo mtu alisukuma karatasi chini ya mlango wa msimamizi wa jengo, yule tunayemwita Bwana Funguo kwa sababu ya zigo analoning'iniza kiunoni. Haikuwa na jina. Ilisema roshani za jengo zimekuwa majalala, zina panya na funza, na kuna mzee anayemwagilia mboga kwa mkojo. Siku ya nne tangazo likabandikwa ngazini: mwenye jengo anataka roshani zote ziwe tupu ifikapo Jumamosi. Zote, kaka, si yetu peke yake. Mwalimu wa ghorofa ya kwanza aliondolewa pilipili zake. Mjane wa ghorofa ya nne aliondolewa vitunguu, na huyo alikuwa na makopo matatu tu.

Wapagazi walikuja na gari. Wakatupa kila kitu nyuma, udongo, miche na matunda. Baba hakuwaruhusu kugusa ndoo moja ya nyanya, zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kuiva. Akaibeba mwenyewe, ngazi kwa ngazi, mikono miwili. Kwenye kona ya ghorofa ya pili akasimama, akaegemea ukuta, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani anakohoa. Nilipomfikia nikaona kidevu chake kimelowa.

Pale alipoegemea ndipo mlango wa fundi cherehani ulipo, yule mama anayekaa chini yetu. Mwanzoni waligombana, kwa sababu maji ya ndoo yalidondokea gauni la bibi harusi alilokuwa amelianika. Baadaye wakapatana. Alimpa Baba mabaki ya vitambaa, akamfundisha kushika sindano, na Baba akampelekea mboga. Mchana mimi nikiwa kazini walikula pamoja, na naamini alimjua Baba wa sasa kuliko sisi. Lakini siku ile Baba aliukumbuka ugomvi wa gauni tu. Akaugonga mlango kwa kiwiko, ndoo ikiwa bado mikononi, na fundi alipofungua akamtolea maneno ambayo sijawahi kuyasikia kinywani mwake. Alimwita nyoka, mnafiki, mla mboga za watu. Milango ikafunguka juu na chini. Fundi alisimama na futi yake ya kupimia shingoni, akamsikiliza mpaka mwisho.

“Haya, mzee,” akasema. “Kama ni mimi, basi ni mimi.”

Akafunga mlango.

Baba akakupigia simu. Nawe, kwa hasira ya kumtetea baba yako, ukaomba namba ya fundi ukampigia. Sijui yote uliyomwambia. Ninalolijua ni kwamba ulimwita mwanamke asiye na haya, ukamwombea vidole vyake vikauke. Jengo zima likamtenga. Sketi za shule alizokuwa anashonea watoto wa humu ndani zikapelekwa mtaa wa pili. Mjane akimkuta ngazini anageuza uso ukutani.

Sasa, kaka, shika karatasi vizuri. Ile barua isiyo na jina niliiandika mimi.

Niliiandika jioni ya dumu la njano, kwenye meza ya jikoni, mdomo bado mchungu, Baba akiwa chumba cha pili anapiga mluzi. Jumatatu asubuhi nikiwa naenda kazini nikaisukuma chini ya mlango wa Bwana Funguo. Nilitaka ndoo ziondoke bila mimi kuonekana nimeziondoa. Tangazo lilipobandikwa nilifurahi, sitakudanganya. Baba alipomtukana fundi nilikuwa ngazi moja nyuma yake, nikamshika mkono, nikamwambia aache, watu wabaya wapo. Ndivyo nilivyosema. Watu wabaya wapo.

Wiki tatu nilinyamaza. Nikasugua nyumba kwa dawa ya choo mpaka kuta zikang'aa. Baba akawa anakaa kwenye kiti akiitazama roshani tupu, anakula mkate na chai ya rangi. Mwisho nikashindwa. Nikachukua sketi yenye zipu mbovu, nikashuka kwa fundi kama mteja, nikiwa sijajua nitasema nini. Hakuipokea sketi. Alifungua droo ya cherehani akanikabidhi karatasi. Ilikuwa barua yangu.

Kumbe Bwana Funguo siku ile hakuwa na miwani, akampelekea fundi amsomee. Na fundi mwandiko wangu anaujua, kwa sababu nguo za kupunguzwa zinazotoka kwa dobi zinamfikia na vikaratasi nilivyoviandika mimi. Alijua kabla hata tangazo halijabandikwa. Alijua alipokuwa anatukanwa. Alijua ulipompigia simu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kama mtu anayetazama kitu kilichonasa kwenye soli ya kiatu.

“Mzee akijua ni wewe, kesho anabeba begi. Atakwenda wapi? Kwa kaka yako mlishasema hakuna nafasi. Mimi akinichukia, bado ana kitanda.”

Kaka, nimesimulia harufu nyingi katika barua hii. Hakuna iliyonichefua kama nilivyojichefua mimi pale mlangoni, nikiwa na sketi mkononi.

Jumapili asubuhi nilimwambia Baba. Nilidhani atafoka. Akasema haki ya kukereka nilikuwa nayo, hata yeye dumu la samaki lilikuwa linamtoa machozi. “Lakini tunalala ukuta mmoja, mwanangu. Mdomo hukuwa nao?” Ndipo akaniambia kwamba miezi ile ya mwanzo alinisikia kupitia ukuta huo huo nikizungumza nawe kwenye simu. Nilikuwa nakwambia mzee anakula kama kijana wa jeshi, sukari haifiki wikendi. Wewe ulicheka, mimi nikacheka. Siku ya pili yake ndipo alipoichukua ile ndoo ya rangi kwa mafundi.

Alivaa viatu, akashuka kwa fundi. Sijui waliongea nini. Alirudi adhuhuri, macho mekundu, akasema: “Mwandikie kaka yako. Usimpigie. Kwenye simu mtacheka.”

Kwa hiyo nakuomba, na Baba anakuagiza: mpigie yule mama umtake radhi, kwa sauti yako mwenyewe, bila kumtuma wifi. Mimi nimeshagonga kila mlango wa jengo hili nikisema ni mimi niliyeandika. Mwalimu alinifungia mlango usoni. Mjane alitema mate, si mbali sana na miguu yangu. Bwana Funguo nilimwomba amweleze mwenye jengo kwamba niliongeza chumvi, funza hawakuwepo, wala panya. Akanijibu amri imeshatoka na udongo umeshatupwa.

Baba hajahama. Ananisalimia asubuhi, ananiuliza kama nimelala salama. Ila ana sufuria yake ndogo. Anapika chakula chake, anakifunika, anashuka nacho ghorofa ya pili, na kurudi na sufuria imeoshwa. Jana nilipika wali na mboga, nikaandaa meza, nikamwita. Alikuja, akavuta kiti, akakaa, akaitazama sahani. Akanishukuru kwa adabu sana, kama mgeni aliyekuja mara moja. Kisha akasema ameshiba.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia. Mwambie wifi asichelewe kung'oa lile jino. Usinijibu upesi ukiwa na hasira, ila kwa fundi usichelewe hata siku moja.

Ni mimi,
Mdogo wako wa kike