Gari Juu ya Kaburi

Jumanne, Kasubi

Kato, mwanangu, huna haya. Kiwanja hiki baba yako alikiacha amana kwa ukoo mzima, na wewe unataka kukiweka rehani benki upate lori. Shemeji zangu wawili, wadhamini wenzangu wa amana hii, wameshatia sahihi. Imebaki sahihi yangu.

Leo mtu wa benki alikuja kupima. Benki hazipendi ardhi yenye makaburi, basi Kato akaegesha gari juu ya kaburi la baba yake.

Nikamwambia mgeni, "Mzee wangu yuko chini ya hiyo gari. Pale kwenye matairi ya nyuma ndipo nitalala mimi. Benki itanizika wapi?"

"Pole, jjajja, bibi yangu," akasema, akaondoka, hata chai hakunywa.

Naogopa Kato ataleta benki nyingine. Kesho aondoe gari, aoshe kaburi kwa mikono yake, amwombe baba yake msamaha kwa sauti, nisikie.